Umenunua Benz kuukuu? Hivi ndivyo utakavyoitunza bila kusota

UMELIONA tangazo hilo. Linakujia saa tano usiku, umelala chali, simu usoni: Mercedes C200 nyeusi, viti vya ngozi, rimu zinang'aa, "mwenyewe anahama, bei ni ya kuongea". Unaangalia bei mara ya pili ukidhani sifuri moja imesahaulika. Iko chini ya ile Fielder ya jirani yako!

Hapo ndipo hesabu za ajabu huanza. Unajiambia kwamba ukiongeza akiba ya Sacco na deni kidogo kwa bro, mwezi ujao utakuwa unaingia kwa geti la keja ukiwa ndani ya nyota yenye ncha tatu. Mlinzi atakupigia saluti. Mbogi wa shule watajua umetoboa.

Miaka mitatu iliyopita, msee aliyekuwa amelala hivyo ni mimi. Nilinunua. Gari ni la mwaka 2009, C200 Kompressor, na bado ninalo. Sitakuambia usinunue, wala sitakuambia ununue. Ninachotaka ujue ni kitu ambacho hakuna aliyeniambia siku ile: gari la kifahari lililozeeka halifilisishi watu kwa sababu ya kuharibika. Linawafilisisha kwa sababu ya kubahatisha.

BEI ILISHUKA, GARI HALIKUSHUKA

Kwanza elewa kwa nini bei ni ya chini. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo waagizaji wengi huleta yale yaliyokaribia kikomo, kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu.

Sasa tazama upande wa Japani, ambako mengi hutoka. Kule gari jipya la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Yaani mwaka wa 3, wa 5, na wa 7. Ukaguzi huo una gharama, na gari likikutwa na kasoro ni lazima zirekebishwe. Kwa hivyo ukaguzi wa mwaka wa 7 unapokaribia, wapo wanaoona heri wauze. Gari linapelekwa mnadani, linapanda meli, linashuka Mombasa. Mkenya wa kwanza analiendesha miaka minne au mitano. Bili kubwa zinapoanza kubisha hodi, naye anaweka tangazo. Tangazo ambalo wewe unalisoma saa tano usiku.

Wewe ndiwe mtu wa tatu kwenye foleni, na bili ambazo wawili wa kwanza walizikwepa zinakusubiri.

Tena kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Bei ya kununua imeshuka, lakini bei ya vipuri haijui kwamba gari lako limezeeka. Pampu ya maji ya Benz ni pampu ya maji ya Benz, iwe gari lilitoka kiwandani jana au mwaka 2009. Umenunua gari kwa bei ya Toyota, lakini utalitunza kwa bei ya Mercedes. Ukilikubali hilo tangu mwanzo, nusu ya maumivu yameisha.

Kinachozeeka kwanza si chuma. Ni raba na plastiki: paipu za maji, paipu za hewa, gasketi, bushi za miguu ya gari, vifuniko vya waya. Miaka kumi na kitu ya joto la injini huzikausha hadi zinapasuka. Habari njema ni kwamba vitu hivi, kimoja kimoja, si ghali sana. Habari mbaya ni kwamba kimoja kikipasuka, gari huonyesha dalili za ugonjwa mkubwa.

Hapo ndipo niliponaswa.

PESA ZA TANGI

Mwezi wa nne tangu ninunue, injini ilianza kutetemeka kila niliposimama kwenye taa za barabarani. Halafu ile taa ya injini ya rangi ya manjano ikawaka kwenye dashibodi. Nikampelekea fundi wa karibu na kwangu. Akafungua boneti, akasikiliza, akatikisa kichwa: "Hizo ni plagi, boss." Tukabadilisha plagi. Siku tatu, gari likarudia.

"Basi ni koili." Tukanunua koili nne. Wiki moja, gari likarudia. Fundi wa pili akaapa kuwa ni pampu ya petroli. Tukabadilisha. Gari halikutingishika hata kidogo... kwa siku mbili.

Kufikia hapo nilikuwa nimetoa zaidi ya Sh70,000. Na hizo hazikuwa pesa za kuchezea. Mama alikuwa ameniomba tangi la maji la ushago, lita 5,000, ili mvua ya masika ikija asiendelee kununua maji ya punda. Nilikuwa nimemwahidi. Pesa za tangi ndizo zilizonunua koili. Mvua ikanyesha, ikaisha, na maji yote ya paa yakaenda na udongo. Mama hakulalamika. Alinipigia simu tu akaniuliza, "Mwanangu, gari lako halijambo?" Swali hilo liliniuma kuliko matusi.

Fundi wa nne, mwenye gereji ndogo Industrial Area anayeshughulika na Benz pekee, hakugusa spana kwanza. Aliunganisha kompyuta, akasoma namba ya hitilafu: P0171. Maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Akachukua mashine ya moshi, akaupuliza moshi mwepesi kwenye njia ya hewa ya injini. Baada ya dakika chache moshi ukatokea chini ya supachaja. Paipu ya raba ya kupumulia injini ilikuwa imepasuka.

Raba. Pamoja na kazi ya kuibadilisha haikufika Sh10,000. Plagi, koili na pampu zilizotolewa zote zilikuwa nzima.

Baadaye niligundua kwamba paipu hiyo kupasuka ni ugonjwa unaojulikana wa injini ile, M271. Mtu yeyote anayeijua angeanza kutazama pale. Mimi nilikuwa nimelipa karo ya kujifunza kitu ambacho tayari kinajulikana.

KWANZA: PIMA KABLA YA KUNUNUA KIPURI

Hii ndiyo sheria mama. Hakuna kipuri kinachonunuliwa hadi kuwe na ushahidi kwamba cha zamani kimekufa.

Gari lolote la Ulaya linalotumia petroli, lililotengenezwa kuanzia mwaka 2001, lina tundu la kuunganishia kompyuta, mara nyingi chini ya usukani. Kuna vifaa vidogo vya bluetooth vinavyochomekwa hapo na kuisomesha simu yako. Si vya kina kama mashine ya fundi, lakini vinatosha kukuonyesha namba ya hitilafu kabla hujatoka nyumbani. Andika namba hiyo. Usiifute.

Ila usifanye kosa la pili: namba si jibu. P0171 haisemi "badilisha sensa". Inasema tu kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli hauko sawa. Sababu inaweza kuwa paipu iliyopasuka, sensa chafu, au petroli isiyofika. Kazi ya fundi ni kutafuta ni ipi kati ya hizo. Akikwambia "kompyuta imesema tubadilishe sensa", muulize kwa adabu: "Fundi, tumejuaje kwamba si kitu kingine?" Fundi mzuri atafurahi kukueleza. Asiyejua atakasirika. Na hapo utakuwa umepata jibu lako.

Kumlipa mtu kwa kupima tu, bila kurekebisha chochote, kunaonekana kama kutupa pesa. Sivyo. Hiyo ndiyo pesa bora utakayoitoa.

Pia jifunze magonjwa ya gari lako kabla hayajafika. Kila modeli ina yake. Kwa C200 ya aina yangu, haya ndiyo maarufu:

Cheni ya taimingi. Injini ya M271 ina sifa ya cheni kurefuka na meno ya gia zake za juu kulika. Dalili ni mlio wa kukwaruza asubuhi unapowasha gari likiwa baridi, sekunde chache kisha unapotea. Usiupuuze. Cheni ikiruka, valvu na pistoni hugongana, na hapo huzungumzii tena kuhusu cheni bali injini nzima.

Kufuli ya usukani. Unaingiza ufunguo, hakuna kinachotokea. Hakuna taa, hakuna sauti. Watu hununua betri, kisha funguo mpya. Mara nyingi kilichokufa ni kimota kidogo ndani ya kufuli ya kielektroniki ya usukani. Kuna mafundi wa umeme wa magari wanaokitengeneza bila kukununulia mfumo mzima.

Taa za nyuma. Dashibodi inakwambia balbu imeungua, unabadilisha balbu, ujumbe unarudi. Tazama kiunganishi cha waya nyuma ya taa. Waya wa kahawia, ule wa ethi, huungua pale. Kurekebisha waya ni kazi ya muda mfupi. Kununua taa nzima ni kulipia usichohitaji.

Giaboksi. Kwenye otomatiki ya gia tano kuna kiunganishi cha waya chenye raba ndogo. Raba ikichoka, mafuta ya gia huvuja na hata kupanda kupitia waya hadi kwenye kompyuta yake. Kipuri chenyewe ni kidogo. Ukikipuuza, utaambiwa giaboksi imekufa.

Kama wewe una BMW au Audi, orodha yako ni tofauti, lakini ipo. Itafute ile ya injini yako hasa, si ya jina la gari tu.

PILI: PANGA MAFUNGU MATATU

Gari la miaka 15 halikosi kasoro. Ukitaka kurekebisha zote, utauza shamba. Siri ni kujua ipi inangoja na ipi haingoji. Mimi huchukua karatasi na kuchora mafungu matatu.

Fungu la kwanza: kinachoweza kukuua. Breki, tairi, usukani, viungo vya miguu ya mbele, mikanda, mifuko ya hewa. Hapa hakuna mjadala wala "tutaona mwisho wa mwezi". Ukiteremka Mai Mahiu na pedi zilizokwisha, viti vya ngozi havitakusaidia. Kama huna pesa za fungu hili, gari linalala, wewe unapanda matatu. Si aibu.

Fungu la pili: kinachoweza kuua injini au giaboksi. Maji yanayopungua, mafuta yanayovuja, mlio wa cheni, joto linalopanda. Hivi hukupa onyo, na onyo hilo ndilo punguzo la bei. Paipu ya maji inayotoa tone ni kipuri kidogo leo. Ukiiacha hadi injini ichemke, kichwa cha injini kikipinda, utalipa mara nyingi zaidi. Na ikitokea mshale wa joto umepanda ukiwa Thika Road, usiseme "nifike tu Roysambu". Egesha pembeni, zima, ngoja lipoe kabisa kabla ya kufungua kifuniko cha maji.

Fungu la tatu: kinachokukera tu. Kiti kisichosonga kwa umeme, redio iliyokufa, mkwaruzo kwenye bampa, dirisha la paani lisilofunguka. Vijana wengi huanza hapa kwa sababu ndicho kinachoonekana kwenye picha. Niliwahi kumwona msee akiweka rimu za inchi 19 kwenye gari lenye bushi zilizokwisha kabisa. Wiki ya kwanza barabara ya mtaa wao iliipasua moja.

Na kwa kuwa tumetaja rimu: rudi chini. C200 ya wakati ule ilitoka kiwandani pia na tairi za 205/55 R16, saizi inayotumiwa na magari mengi ya kawaida. Maana yake ni rahisi kuzipata na bei yake ni ya kibinadamu. Tena zina raba nene ya kumeza mashimo yetu. Gari halitaonekana kali sana kwenye picha, lakini litafika.

TATU: JUA UNANUNUA NINI

Ukienda Kirinyaga Road, kule wengi tunaita Grogan, utaulizwa: "Unataka ya aina gani?" Ukinyamaza, umekwisha. Kuna aina nne.

Ya kwanza ni yenye nembo ya Mercedes kwenye boksi. Nzuri, na ghali zaidi.

Ya pili ni ya kampuni ile ile iliyomtengenezea Mercedes, lakini ikiwa kwenye boksi lake yenyewe. Mercedes hawatengenezi kila kitu. Bosch hutengeneza sensa na vifaa vya umeme, Sachs na Bilstein shokomzoba, Lemförder mikono ya miguu ya gari, Mann na Mahle filta. Mara nyingi unapata ubora ule ule bila kulipia nyota. Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa.

Ya tatu ni kopi. Kwa klipu za plastiki au raba ya mlango, hakuna shida. Kwa breki, sensa au mikono ya miguu ya gari, rahisi ni ghali: utalipa mara mbili, na kazi ya fundi pia mara mbili.

Ya nne ni iliyotumika, tunayoita "ex-Japan". Ni sawa kwa mlango, kioo cha pembeni, taa, boneti, kiti, swichi za madirisha. Usinunue kuukuu chochote cha breki, tairi, mifuko ya hewa, cheni wala raba. Ya kuukuu imezeeka kama yako. Na kuwa mwangalifu na kompyuta za Benz zilizotumika. Kompyuta ya injini, ya gia, na sehemu ya ufunguo hufungwa na gari moja kwa ajili ya kuzuia wizi. Ukinunua tu na kuchomeka, gari linaweza kukataa kuwaka kabisa.

Kioo cha pembeni nacho, uliza kimetoka wapi na udai risiti. Kuna utani wa Nairobi kwamba ukiibiwa kioo asubuhi, jioni utauziwa hicho hicho. Ukinunua cha wizi, unamlipa mwizi arudi kwako kesho.

Kila mara nenda na namba ya chasisi, si jina la gari. C200 mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na injini na breki tofauti. Na fundi akikubadilishia kitu, omba upewe cha zamani na boksi la kipya. Si kwamba humwamini. Ni desturi tu, na ikizoeleka hakuna anayeudhika.

NNE: VITU VIDOGO, MAPEMA

Ukifanya haya kwa wakati, gereji itakuona mara chache.

Mafuta ya injini: usisubiri dashibodi ikukumbushe. Kwa foleni zetu, ambapo gari husimama saa nzima injini ikinguruma bila kilomita kuongezeka, mimi hubadilisha kila kilomita 8,000 au mwaka mmoja, chochote kitakachotangulia. Mafuta machafu ndiyo adui wa cheni. Nyuma ya kopo tafuta namba ya idhini ya Mercedes, kama MB 229.5. Maneno matamu yaliyoandikwa mbele hayana kazi.

Maji ya rejeta: usimwage ya mfereji. Yana chumvichumvi zinazoziba na kuozesha njia za ndani. Tumia kulanti ya aina inayokubaliwa na gari lako, na maji ya betri.

Mafuta ya breki: kila miaka 2. Huvuta unyevu wa hewani, na unyevu huo ukichemka mteremkoni breki hulegea.

Mafuta ya gia: ukiambiwa "hayabadilishwi maisha", jiulize ni maisha ya nani. Gari la miaka 15 limekwisha kuishi maisha hayo. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si yoyote iliyoko dukani.

Betri: magari haya yana kompyuta nyingi, na betri dhaifu huwasha taa za kila rangi kwenye dashibodi. Kabla ya kuamini kwamba gari lina magonjwa saba, pima betri na altaneta.

Halafu unganisha kazi. Kama fundi anafungua mbele ya injini kubadilisha pampu ya maji, badilisha na mkanda na raba zilizo hapo hapo, kama zimezeeka. Kipuri ni kidogo, na kazi ya kufungua umeshailipia.

TANO: FUNDI NI MTU, SI MCHAWI

Tafuta fundi anayelijua gari lako, si yule anayejua "magari yote". Fundi wa mtaani anaweza kukubadilishia mafuta na pedi vizuri tu. Cheni mpelekee anayeifanya kila mwezi. Kabla hajaanza, kubalianeni bei ya kazi na bei ya vipuri kando kando, na uiandike hata kama ni kwenye ujumbe wa simu. Mwambie, "Ukikuta kingine, nipigie kwanza."

Na umlipe. Ukimzungusha fundi mzuri kwa ajili ya elfu mbili, siku umekwama Kikopey usiku hatapokea simu yako.

HESABU YA MWISHO WA MWEZI

Hapa ndipo wengi hukosea. Huweka bajeti ya petroli na bima tu. Gari likiharibika wanakimbilia Fuliza, mikopo ya simu, au pesa za mtu mwingine kama nilivyofanya mimi.

Fungua akaunti ya gari peke yake, kwenye Sacco au popote pasipo rahisi kuchomoa pesa. Weka Sh10,000 kila mwezi, liharibike lisiharibike. Mwaka ukiisha una Sh120,000. Miezi mingine hutagusa hata shilingi, na utashawishika kuzila. Usizile. Hizo ni za cheni, za shokomzoba, za tairi nne. Zinakuja tu.

Kama bado hujanunua, fanya jaribio hili: kwa miezi 6 weka hiyo Sh10,000, pamoja na pesa ambazo ungetumia kwa petroli, kana kwamba gari tayari liko kwenye maegesho. Ukishindwa, umejijibu bila kupoteza kitu. Ukiweza, unalo fungu la kuanzia.

Uliza bima pia kabla ya kulipa. Kampuni nyingi zina kikomo cha umri wa gari kwa bima kamili. Ukikuta wanakupa ile ya kulinda watu wengine pekee, ujue gari likigonga mti, hasara ni yako.

Na siku ya kulikagua, nenda asubuhi kabla halijawashwa. Gusa boneti, kama ni ya moto, muuzaji ameshalipasha ili usisikie cheni. Sikiliza sekunde zile za kwanza. Washa na kuzima mara kadhaa. Tafuta vibandiko vya Kijapani chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Huandikwa kilomita za siku mafuta yalipobadilishwa, na vimewaumbua wengi waliorudisha namba nyuma. Kama lilitoka Uingereza, litazame chini, hasa fremu inayobeba miguu ya nyuma. Chumvi inayomwagwa barabarani kule wakati wa baridi huila kwa kutu.

WAKATI WA KUACHANA

Kutunza si kung'ang'ania. Kila bili kubwa inapokuja, mimi hujiuliza maswali matatu. Je, gari likitengenezwa litanipa angalau mwaka mmoja wa amani? Je, pesa hizi zimo kwenye akaunti ya gari, au nitamchukulia mtu? Na kama ningeliona gari hili leo likiwa na tatizo hili, ningelinunua?

Nikijibu "la" mara mbili, ni wakati wa kuuza. Tena uuze kwa ukweli, ukimwambia mnunuzi kilicho kibovu. Usimfanyie kijana mwingine yale uliyofanyiwa wewe.

Mwaka jana cheni yangu ilianza kulia asubuhi. Sekunde mbili tu, kisha kimya. Zamani ningeongeza sauti ya redio. Safari hii nilimpigia yule fundi wa Industrial Area, akapima, akanionyesha meno yaliyolika, tukaandikiana bei. Pesa zilitoka kwenye akaunti ya gari. Gari lililala gereji siku nne, mimi nikapanda matatu, na hakuna aliyekufa.

Wiki hiyo hiyo lori dogo lilifika ushago na tangi jeusi la lita 5,000. Nililipia kwa pesa zake lenyewe, zilizokuwa zimekaa kando zikingoja. Jumamosi nilienda kulifunga mabomba. Mama alizunguka Benz, akaitazama, akaniuliza kama halijambo.

"Halijambo, Mama."

Akaligonga tangi kwa kidole kusikia kama ni imara, akaingia ndani kuweka chai.